Sahani ya Donati

Kwa muda mrefu kuliko umri wa nusu ya watu wa Kimamba, Magdalena alikuwa akipakua chakula cha jioni kwenye sahani mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili aliifunika kwa kawa, akaiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti ambacho hakikaliwi na mtu. Asubuhi chakula kile kilikwenda kwa kuku. Kuku wa Magdalena walikuwa wanene kupita kuku wote wa mtaa ule, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuuliza kama anauza.

Sahani ya pili ilikuwa ya mumewe, Donati Lugusi, msanifu wa majengo, aliyechukuliwa na mto Mkondoa mwaka wa mafuriko makubwa. Asubuhi ile alitoka kwenda Kilosa kuangalia kama maji yameifikia misingi ya ghala alilokuwa akilisimamia. Koti lake aliliacha msumarini, maana alisema koti likilowa msimu ule halitakauka mpaka kiangazi. Watu walimwona akishuka ukingoni mwa mto. Kisha ukingo wenyewe ukaondoka, na yeye akiwa juu yake. Wanaume walitafuta mpaka mto ukatulia, wakarudi na kiatu kimoja cha matope, ambacho nusu ya watu walisema ni chake na nusu wakasema si chake.

Majirani walianza kukusanyika kwa msiba, kila mwanamke na mzigo wake wa kuni. Mtani wao, Mwanakheri, binti wa Kinyamwezi ambaye babu yake aliletwa na kazi ya mkonge, alikuwa ameshajifunga kibwebwe. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za wapagazi, na kwenye msiba mtani ana kazi yake ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya. Siku ya kuanua matanga yeye ndiye huvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akasema kama marehemu, akawachokoza wafiwa mpaka wacheke. Wakishacheka ndipo wanapolia kilio cha kweli, na aliyekufa anapata ruhusa ya kwenda zake.

Lakini mama yake Donati, Bi Sesilia, alisimama mlangoni akawafukuza wote.

"Mnamlilia nani?" aliwauliza. "Nani kati yenu amemfumba macho? Kama hakuna, chukueni kuni zenu mrudi makwenu."

Kisha akamgeukia Magdalena, mkwe wake, mwanamke kijana ambaye hata vyombo vyake vya harusi vilikuwa bado vinang'aa.

"Na wewe mwanangu, mume wako yuko safarini. Kila jioni mtengee chakula. Siku utakayomwita marehemu, siku hiyo ndiyo utakuwa umemuua. Wewe, kwa mdomo wako."

Maneno hayo yalimkaa Magdalena kooni maisha yake yote. Hata kumshtaki mama mkwe kwa watu hakuweza, maana yule mama alikuwa akimpenda, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Bi Sesilia alihamia kwake, wakalima pamoja, wakazeeka pamoja, na kila jioni mama mkwe aliitazama ile sahani ikifunikwa ndipo yeye naye anawe mikono. Siku ya kufa kwake hakumtaka padri kwanza. Alishika kiganja cha Magdalena akauliza, "Umemtengea?" Magdalena akajibu kwamba amemtengea. Basi akakata roho akiwa ametulia, na mwenzake akabaki na mzigo wote peke yake.

Nyumba nayo haikumsaidia. Donati aliijenga mwenyewe kwa ajili ya mkewe, na watu wa Kimamba, ambao hawaoni kitu bila kukipa jina, waliiita Tundu la Njiwa. Paa lake halikukaa juu ya kuta kama mapaa ya wenzake. Lilisimama kwenye nguzo fupi, likaacha mwanya mzunguko mzima ili joto litoke. Ukuta wa chumba cha kulala, ule unaotazama milima, ulikuwa wa matofali ya matundu kutoka chini hadi juu. Upepo wa jioni uliposhuka na kupenya matundu yale, chumba kilipiga mluzi, sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka. Donati hakuwa amepanga hivyo. Jioni ya kwanza walipohamia aliusikia akiwa amejilaza chali, akacheka, akaujibu kwa midomo yake. Tangu siku hiyo ukawa mluzi wake wa kuingilia nyumbani. Ukiwa barazani husikii kitu, ni lazima uwe ndani ya nyumba.

Alipopotea yeye, mluzi ulibaki. Magdalena alijua ni upepo. Mke wa msanifu hufundishwa upepo unaingia wapi na kutokea wapi, apende asipende. Lakini kujua hakukumfaa kitu. Mluzi ulipolia aliinua kichwa kutazama mlango, na kila alipoinua kichwa alijichukia.

Alitokea mwanamume mmoja, Samweli, mfanyakazi wa reli, mpole, msafi, anayejua kukaa kimya bila kuchosha. Jumapili baada ya misa alikuja kukaa barazani kwa Magdalena. Hakuwahi kuvuka kizingiti. Magdalena alimpenda, tena sana, na hapa hakuna haja ya kuzungukazunguka. Siku moja Samweli alichungulia ndani, akaiona meza na sahani iliyofunikwa, akavaa kofia yake.

"Mtu aliye hai ningeshindana naye," alisema. "Mtu aliyekufa ningemwombea. Huyu wako, Magdalena, sijui nimfanye nini."

Akahamishiwa Tabora. Baadaye sana zilikuja habari kwamba amefariki huko. Magdalena akaenda kumlilia kwenye shamba la mahindi, mbali, kwa sababu mke wa mtu hamlilii mwanamume mwingine mbele za watu. Kwa Donati hakuwa ametoa hata chozi. Angemliliaje mtu aliye safarini?

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Loveth alipokuja.

Loveth alikuwa mwanamke kijana kutoka Dar es Salaam, mtafiti wa majengo ya zamani, mwenye miwani mikubwa na viatu ambavyo matope ya Kimamba yalivimaliza siku ileile. Alikuwa amesimama Mikumi kula, basi likiwa safarini kwenda Iringa, akaiona nyumba ya wageni yenye paa lililoinuliwa kutoka kwenye kuta zake. Basi likaondoka bila yeye. Mwenye nyumba ile, Bonifas, mdogo wake Donati, alimwambia imejengwa na kaka yake, na kwamba Kimamba kuna ukumbi na kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna mke.

"Shikamoo, bibi," Loveth alisema barazani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pumzika."

Hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa matundu, akaupapasa kwa nje, macho yakamjaa machozi. "Bibi, unajua unaishi ndani ya nini?"

"Naishi ndani ya nyumba," Magdalena alijibu.

Loveth akaeleza. Donati alikuwa mmoja wa wasanifu wa kwanza wa hapa kwetu kujenga kwa mtindo ule mpya wa zege na hewa, na tena aliugeuza ukafanana na joto la Kilosa. Majengo yake yote yaliandikwa jina la kampuni iliyomwajiri, kampuni yenyewe ikafa, na yeye akasahaulika. Sasa Loveth na wenzake walitaka kufanya maonesho papa hapa Kimamba, kwenye ule ukumbi wa wafanyakazi wa mkonge aliouchora Donati na ambao siku hizi ulikuwa stoo ya mahindi. Wangeleta picha, wangeleta sanamu ndogondogo za majengo yake, wangeleta wageni. Waliomba na kitu chake chochote.

Magdalena alikuwa na kitu kimoja. Alilitoa koti msumarini chumbani. Nyuma yake ukutani palibaki umbo la koti, jeupe, mabega na mikono, hata bega la kushoto lililokuwa chini kidogo kama bega la Donati mwenyewe. Loveth aliondoka nalo amelikumbatia. Jioni ile mluzi ulilia mrefu kuliko kawaida, na Magdalena akalala amelipa umbo lile mgongo.

Maonesho yalipokaribia, Loveth alimchukua akatazame kabla ya wengine. Ukumbi ulikuwa umefagiliwa, magunia yametolewa, na mwanga uliingia kwa juu mstari mwembamba kama zamani. Mlangoni alisimama Donati. Ilikuwa picha tu, wameikuza ikafikia kimo cha mtu, lakini Magdalena alijikuta amesema, "Umerudi," na akashukuru kwamba hakuna aliyesikia. Koti walikuwa wamelivika kigingi cha mbao chenye mabega. Ukutani, kwa herufi kubwa, waliandika jina lake, na chini ya jina: 1941, kisha kistari, kisha hakuna kitu.

"Mwanangu, hapa mbele ya kistari pana nini?"

"Tumepaacha wazi, bibi. Hakuna kaburi, hakuna cheti. Halafu tuliona hata ni vizuri hivyo." Loveth alitabasamu kwa moyo safi. "Kwetu sisi bado yupo. Anaishi ndani ya kazi zake."

Magdalena akatafuta benchi, akaketi. Nyumbani kwake mtu huyu alikataa kufa, na huku nako wasomi wa watu wamemtengea nafasi nyeupe ukutani, pana, safi, kama ile sahani. Akaona wazi kabisa jinsi itakavyokuwa. Atakufa yeye Magdalena, watampeleka kaburini wakimwita mke wa Donati, na Donati atabaki kistari tu, akipiga mluzi kwenye nyumba tupu. Hakuwa na hofu ya kufa. Alichoogopa ni kufa akiwa bado anangoja.

"Paandike," alisema.

"Niandike nini, bibi? Kama ukinithibitishia wewe kwamba amefariki, nitaandika sasa hivi."

Magdalena alifungua kinywa. Neno lile lilifika mpaka kwenye ulimi, akaona uso wa Bi Sesilia, akalimeza. "Ngoja nikamwone shemeji yangu," alisema.

Alipanda basi la Mikumi linalopitia kijiji cha Ulaya, akafika mchana. Nyumba ya wageni ya Bonifas ilikuwa kando ya barabara kuu, malori yamejipanga mbele yake, na ukutani mwenyewe alikuwa ameshaandikisha kwa rangi nyekundu kwamba jengo hili ni kazi ya msanifu mashuhuri. Juu ya kuta zote alikuwa amepaka rangi ya ndizi mbivu. Alimpokea shemeji yake kwa furaha ya mtu ambaye ukoo wake umepata jina uzeeni.

"Shemeji, umeona mambo? Juzi wamekuja watu wa televisheni."

"Nimeona. Nimekuja kwa neno moja. Nataka useme kwamba Donati amefariki, waandike, kisha tumfanyie matanga yake."

Furaha ikamtoka Bonifas usoni. Alitazama barabara, akatazama mikono yake.

"Sasa hivi watu wanampandisha juu, wewe unataka kumzika?"

"Nataka apumzike. Nami nipumzike."

"Siwezi, shemeji. Mama aliniambia yale yale aliyokwambia wewe. Unataka niwe muuaji wa kaka yangu katika umri huu?"

Kabla Magdalena hajajibu, mkewe Bonifas alileta chakula mezani. Aliweka sahani ya mgeni, ya mumewe na yake. Kisha akaleta ya nne, imefunikwa kwa sahani nyingine, akaiweka mbele ya kiti kitupu, naye akaketi. Magdalena aliitazama sahani ile mpaka wali wake mwenyewe ukaacha kufuka moshi.

"Na ninyi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na sisi," Bonifas alisema. "Kula, shemeji."

Alirudi Kimamba mikono mitupu, na akaapa kwamba ukumbini haendi. Waende wao na picha yao.

Ila Loveth na wenzake, pamoja na usomi wao, kuna jambo moja hawakulifikiria. Walikodi gari la matangazo. Gari lilizunguka Kimamba yote, kipaza sauti kikisema watu wote wanakaribishwa kumkumbuka ndugu yetu Donati Lugusi, ndugu zake wote watakuwepo, maturubai yapo, chakula kipo, na nguo zake zitaonekana. Watu wa Kimamba wakaangalia uwanja wa ukumbi. Waliona maturubai. Waliona viti vya kukodi. Mlangoni waliona picha kubwa kama mtu mwenyewe, na ndani, koti lake limetundikwa hadharani. Sasa niambie wewe, ni shughuli gani hiyo?

Wakasema, loo, hatimaye wameamua. Wazee waliofukuzwa na Bi Sesilia wakiwa vijana waliwaambia wajukuu wao watafute kuni. Wanawake wakajifunga khanga viunoni, wakabeba masufuria ya mtaa, unga, maharage, mikungu ya ndizi. Wanaume wakakaa upande wao kwenye mabenchi, wakashika tama. Wageni wa Dar es Salaam waliposhuka kwenye magari yao, na mifuko yao ya kitambaa mabegani, walikuta moto umeshika nyuma ya ukumbi, moshi umejaa kwenye picha, na akina mama mia wameketi juu ya mikeka mbele ya sanamu za majengo wakiimba nyimbo za maombolezo.

Loveth mwenyewe alikuja mbio nyumbani kwa Magdalena, miwani imemshuka puani.

"Bibi, njoo tafadhali. Watu wanalia kwenye maonesho. Wananipa pole. Mimi nimewafanya nini?"

Magdalena alikuwa akichambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akauweka ungo chini, akavaa khanga zake nyeusi, zile alizozinunua mwaka wa mafuriko na ambazo hazijawahi kuvaliwa.

Alipoingia ukumbini watu walimpisha. Mgeni rasmi alikuwa ameshika hotuba yake mkononi hajui aanzie wapi. Bonifas alikuwa amekuja na suti, amekaa mbele, jasho linamtoka. Na pale kwenye kigingi, Mwanakheri, ambaye sasa ni bibi kizee muuza vitumbua pale stesheni, mdogo wa mwili, hana hata jino moja la mbele, alikuwa akilivua koti kwenye mabega ya mbao.

"Bibi, hicho kitu hakiguswi," alisema kijana mmoja wa wale waliokuja na Loveth.

"Kinaguswa na mwenyewe," Mwanakheri alisema, akaingiza mkono wa kwanza.

Yule kijana akamsogelea. Bonifas alisimama. Alionekana kama mtu anayesukumwa na mwingine kutoka nyuma.

"Mwacheni," alisema. "Mtani hazuiwi."

Koti lilimfika Mwanakheri magotini. Alisimama kidogo, ameinamisha kichwa, watu wakinong'ona. Kisha bega lake la kushoto likashuka. Mikono ikaenda nyuma. Na wazee wote ukumbini wakashusha pumzi kwa pamoja, kwa sababu aliyekuwa akitembea pale mbele yao alikuwa Donati.

Aliiendea nguzo, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akaenda kwenye dirisha la pembeni ambalo wenye mahindi walilikomelea kwa bati. "Nani ameniziba huku? Mahindi yenu yapumue kwa mdomo?" Kicheko cha kwanza kikatoka kwa wanawake. Akasimama mbele ya mgeni rasmi, mtu mnene wa haja, akampima kwa jicho moja kutoka kichwani hadi miguuni. "Huyu mmemjengea ghorofa, msingi hamkuchimba." Watu wakashikana mabega kwa kucheka, hata mgeni rasmi mwenyewe. Akafika kwa Bonifas.

"Mdogo wangu, nyumba yangu ya Mikumi umeipaka rangi ya ndizi mbivu. Nilikukosea nini mimi?"

Bonifas alicheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo, akaketi chini kwenye sakafu na suti yake, na kicheko kikageuka katikati, kikawa kilio cha mtoto mdogo anayemwita kaka yake.

Basi likabaki lile koti linakuja kwa Magdalena.

Lilikuja polepole, bega chini, mpaka likasimama mbele yake. Hakumwona Mwanakheri. Aliona kola aliyoishona yeye, na ule mfuko wa penseli uliochanika. Ukumbi ukanyamaza. Na katika kimya kile akasikia mluzi, sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka, karibu kabisa na uso wake. Nywele zikamsimama. Hapakuwa na upepo. Maturubai ya nje yalikuwa yametulia tuli.

"Mama," koti likasema, "chakula changu kiko wapi?"

Aliogopa. Aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa, na nyuma ya woga ikaja hasira, na nyuma ya hasira mapenzi ya zamani, mazima, hayakuwa yamepungua hata kidogo. Aliziona jioni zake zote zimejipanga zimefunikwa kawa. Aliyaona mabega ya Samweli yakiteremka baraza. Akajua kwamba hakuna mtu mwingine atakayelisema neno lile kwa niaba yake, si Bonifas, si wasomi, na Bi Sesilia alisema kweli: litatoka kwa mdomo wake yeye au halitatoka.

"Kimepoa," alisema. "Kilipoa zamani, Donati. Nimekupakulia mpaka mikono yangu imezeeka. Umekufa, mume wangu. Umekufa. Nenda."

Kilio kilichotoka pale kilisikika mpaka stesheni. Kilikuwa kimekaa vifuani mwa watu tangu mwaka wa mafuriko, na sasa kilipata mlango. Mwanakheri alilivua koti, akaligeuza ndani nje, akalikunja, akalikabidhi kwa Bonifas kama inavyotakiwa. Magdalena peke yake ndiye ambaye hakulia. Alikuwa amesimama wima akihema kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Loveth alimjia akiwa na brashi na kopo la rangi, macho mekundu. Hotuba hakuna tena aliyeikumbuka.

"Bibi, niandike mwaka gani?"

Bonifas, pale chini, akautaja mwaka wa mafuriko.

"Hapana," Magdalena alisema. "Aliyekufa siku ile nilikuwa simjui, ni wa mto. Wangu mimi amekufa leo. Andika mwaka huu."

Loveth aliwatazama wenzake. Mmoja wao alitikisa kichwa kukataa, kwa sababu wageni wangeona kosa na wangeandika juu yake. Loveth akapanda kiti, akaandika mwaka huu, kwa tarakimu zenye kimo sawa na zile nyingine. Nje ya ukumbi akina mama walikuwa wakipakua maharage, na wageni wa Dar es Salaam walipewa sahani kama waombolezaji wengine wote, wakala.

Jua likiwa limeinama, Mwanakheri alimsindikiza Magdalena mpaka barazani, akaishia pale. Hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ile hata siku moja. Alisema mtani haingii nyumba yenye msiba ambao haujaitwa.

"Sasa karibu," Magdalena alimwambia. "Umeitwa."

"Kesho, mtani. Leo umenichosha, na chakula chenu Wasagara ni kile kile, hakina chumvi."

"Mtani, nikuulize. Bega najua ulilikumbuka. Ule mluzi nani alikufundisha?"

"Mluzi gani?"

"Uliopiga kabla hujaniuliza chakula."

Mwanakheri alimtazama. Kisha akafungua kinywa, akamwonesha ufizi mtupu. "Kwa midomo hii? Usiniongezee kazi, mtani. Mimi nilikuuliza chakula tu." Alicheka, akaaga. Lakini alitembea haraka kuliko miguu yake ilivyozoea, na hakugeuka nyuma.

Magdalena aliingia ndani, akasonga ugali kidogo, akatoa sahani moja. Mkono ulikwenda kwenye ya pili kwa mazoea, akaurudisha. Akaketi. Upepo wa milimani ukashuka saa yake ile ile. Aliusikia ukipita kwenye migomba, akauona ukiinua pazia, ukamgusa shingoni. Akainua kichwa kutazama mlango wa chumbani, akangoja.

Matundu yalinyamaza. Upepo ulipita ndani yake wote, ukatokea upande wa pili, bila sauti yoyote.

Hapo ndipo alipolia. Alimlilia Donati, kisha Samweli, kisha mama mkwe wake, kisha msichana mmoja mwenye vyombo vinavyong'aa, na kati ya kilio kimoja na kingine alinyamaza kidogo, akasikiliza tena, mpaka ugali wake nao ukapoa.